Kijani Kilichorudi Mlangoni

Watu walikuwa wamejaa barabarani mbele ya bureau ya polisi ya komini Ruwenzori, mjini Beni, na jina waliloliita lilikuwa moja.

"Mathe! Mututoshee Mathe inje!"

Wengi wao walikuwa vijana, na wengi walivaa maillot moja nyeupe, fulana ile ambayo Mama Vagheni aliwagawia ili wahudumie wageni siku alipofungua salle yake mpya, ukumbi wa harusi. Picha ya salle yenyewe ilichapwa kifuani, na chini yake maneno "Karibuni Wote". Tangu Jumamosi maillot zile zilikuwa zimegeuka nguo za kilio. Mbele ya wote alisimama Ananie, sauti imemkauka kwa kelele, jiwe mkononi. Jemima, yule aliyekufa, alikuwa mdogo wake wa tumbo moja.

Inspekta Berthe Kahongya alipenya katikati yao, mkoba umebanwa kwapani. Ananie akamkata njia.

"Mama inspecteur, mudogo wangu iko chini ya udongo. Mwenye alimuua iko anakunywa chai yenu. Ni haki gani hiyo?"

"Hakuna chai humo ndani. Weka jiwe chini."

"Nitaiweka siku mutanionyesha mutu mwenye alimuua."

"Basi ishike muzuri isikuangukie kwa muguu," Kahongya akamjibu, akapita.

Ndani, Komanda Timothée alikuwa amesimama mbali na dirisha. Dossier, faili ya kesi ya Mathe, ilikuwa wazi mezani, kalamu imelazwa juu yake tayari.

"Berthe, tia mukono tumalize. Jioni gari ya parquet inakuya kumuchukua kwa mashtaka."

"Wakimpitisha kati ya wale vijana, chef, hatafika parquet. Unajua."

"Mimi najua kama mutoto wa batu amekufa."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jumamosi, katika harusi ya kwanza ya salle ile, upepo wa mvua uliupiga mlango mkubwa wa vioo. Kioo cha juu kikapasuka, kikashuka vipande virefu kama mapanga. Jemima alikuwa akipita chini yake na casier ya chupa za soda. Hakufika hospitali. Mathe, fundi aliyekiweka kioo, umati ulimfikia kabla ya polisi, na polisi walimkuta angali anapumua kwa bahati tu.

"Na sasa tuko na preuve, ushahidi mukubwa," Timothée akasema. Alimsogezea picha kubwa ya rangi, ya karatasi inayong'aa. "Architecte Salomon, mwenye alichora salle, ameileta yeye mwenyewe toka Butembo. Mutu wa heshima. Angalia mulango."

Kahongya aliinama. Ilikuwa salle ya Vagheni, imechorwa kwa ordinateur, kompyuta, mpaka ungedhani imepigwa kwa kamera. Madirisha yalikuwa ya bluu. Mlango ulikuwa wa kijani. Vioo vyote vilikuwa safi, unaona mpaka ndani, meza na maua.

Hapo hakuhitaji kufundishwa. Kwa mafundi wa huku picha ndiyo plan, ramani ya kujengea. Plan ya karatasi inalowa mvua na kuchafuka ciment, kwa hiyo architecte anatuma picha ya rangi kwenye telefone. Kijani ni vitre ngumu, kioo kile kinachotoka Kampala kimekwisha kukatwa. Ikivunjika inakuwa punje kama chumvi ya mawe. Bluu ni vitre ya kawaida, inakatwa palepale kwenye chantier, mahali pa ujenzi. Ikivunjika inakuwa visu. Toka Kirumba mpaka Beni, kila fundi anafuata hivyo.

"Kijani mulangoni," Timothée akasema. "Fundi akaweka ya kawaida. Na ile ngumu, banasema aliuzisha kule Manguredjipa kwa bale bachimbaji ba dhahabu. Tena unataka nini?"

"Salomon alisema picha hii ni ya lini?"

"Ya kwanza kabisa. Ile alimupa fundi mbele ya kazi kuanza."

"Ya kwanza kabisa," Kahongya akarudia. Aliikunja, akaitia mkobani, akaiacha kalamu palepale ilipolala.

Cachot, selo ya polisi, ilikuwa nyuma ya bureau. Mathe alikaa chini ameegemea ukuta, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Alipoonyeshwa picha alitema mate pembeni.

"Salle ni yenyewe. Lakini picha hapana. Yangu ilikuwa bluu yote. Madirisha bluu, mulango bluu."

"Iko wapi?"

"Ndani ya telefone. Na telefone waliivunja pamoja na mbavu zangu. Uende ukawaulize pale inje."

"Mulango mukubwa vile, bluu, na haukuuliza?"

Kelele za barabarani ziliingia kwa tundu la juu.

"Sikuuliza," Mathe akasema. "Nilifurahi. Nikasema Mungu ni muzuri, hakuna kungojea mugari ya Kampala. Hiyo ni kosa yangu, niandikie. Lakini hii bongo, huu uongo wa kijani? Hapana! Hiyo haitanikamata, hata muniue!"

"Banasema uliuzisha vitre ngumu Manguredjipa."

"Ile haikatwake, mama! Ikitoka kiwandani imetoka. Nani kule Manguredjipa iko na mulango wa kipimo ya salle ya Vagheni? Wanakaa ndani ya mahema ya bâche!"

Kahongya alikaribia kucheka, lakini jicho lile lililovimba lilimkataza.

Salle ilikuwa mwendo mfupi tu kwa miguu. Mahali pa mlango palining'inia bâche ya bluu, na mbele yake Mama Vagheni alikuwa akimgombeza mfanyakazi aliyeosha sakafu vibaya. Alikuwa mwanamke mpana, mfanyabiashara wa mbao, aliyezoea kusema na watu walio ng'ambo ya barabara.

"Wavukire, inspecteur. Ukikuya kunifunga na miye, nifunge. Sina usingizi tena."

"Mama, kuna mugari ya Kampala ilishusha vitre hapa?"

"Hapana hata moja. Ningejua, si miye nafungua portail, lango hili? Vitre yote Mathe aliikata hapa chini ya ule muti."

Basi hadithi ya Manguredjipa ikafa palepale. Kitu ambacho hakikufika hakiuzwi. Kahongya alitoa picha mkobani.

"Hii ndiyo picha ya kwanza architecte alikutumia?"

Vagheni aliishika mbali na uso, akakunja macho.

"Ya kwanza? Aka! Ya kwanza ilikuwa aibu. Vitre zote nyeusi. Nyeusi kama sufuria ya bugali! Nikamupigia Salomon, nikamuambia, papa, miye najenga salle ya harusi ao cachot? Akasema kwake kwa ecran ya ordinateur iko safi, ni picha ikitoka njo inakuwa nyeusi. Nikasema miye sikai kwa ecran yako! Watu watakuya kulipia harusi ndani ya nyumba ya giza? Rekebisha leo, nataka panneau, bango la barabarani, kesho."

"Akarekebisha?"

"Siku ile ile. Ya pili ilikuwa safi kama maji. Njo tuliweka kwa panneau."

"Na ile ya pili, mulango ulikuwa rangi gani?"

Mama Vagheni alifungua kinywa, akakifunga.

"Sikuangalia mulango. Niliangalia kama vitre iko safi."

"Tukaangalie panneau."

Lakini panneau haikuwapo. Palibaki miguu miwili ya chuma na vipande vya bâche vimeng'ang'ania kwenye misumari.

"Salomon aliibeba Jumapili na pick-up," Vagheni akasema. "Alisema ni aibu kuacha picha nzuri mahali damu imemwangika. Nikaona ana huruma."

"Ana huruma sana," Kahongya akasema, na mfupa wa taya lake ulionekana ukicheza. "Mama, mchana uje bureau. Ile maneno ya sufuria uirudie vilevile, usipunguze hata neno."

Alipanda moto, pikipiki, hadi Butembo. Vumbi lilimjaa mpaka kwenye nyusi. Bureau ya Salomon ilikuwa orofa ya juu, juu ya duka la mabati, na ukutani zilipangwa picha za majumba, mengine yamejengwa, mengine bado ni ndoto. Salomon mwenyewe alikuwa na shati lililopigwa pasi na sauti ya mtu anayesoma tangazo kanisani. Kwenye ordinateur ya pembeni alikaa dada mmoja mwembamba, Ornella, mchoraji wake. Hakuinua kichwa.

"Madame l'inspecteur, umejisumbua bure," Salomon akasema. "Picha niliwaachia."

"Nataka kuelewa tu. Mimi mambo ya kuchora na mashini siijui."

"Ah, hiyo ni 3D. Ni mambo ya ufundi, itakuchosha."

"Nichoshe. Hii picha ni ya kwanza?"

"Ya kwanza na ya mwisho. Picha ilikuwa moja."

"Na vitre zilikuwa safi namna hii toka mwanzo? Zinaonekana mpaka ndani?"

"Toka siku ya kwanza. Bureau yangu haitoshake picha mubaya."

Nyuma yake, kipanya cha Ornella kikaacha kulia.

Kahongya hakumtazama yule dada. Alimtazama Salomon, akatikisa kichwa kama mwanafunzi aliyeridhika.

"Sawa. Basi kunabaki kitu kidogo. Komanda anataka uitambue picha yako mbele yake, uitie mukono. Unaenda na gari yako? Nipe na miye nafasi, moto imenivunja mugongo."

Salomon alitabasamu. Alitoka kwenda kuzungusha gari na kumalizana na mtu wa mabati chini. Hatua zake hazijafika chini, Ornella akasema, macho bado kwenye ecran:

"Ni bongo."

"Nini ni bongo, dada?"

"Yote." Akageuka. Macho yalikuwa mekundu, ila si ya kilio. "Kuya uone. Yeye alisema itakuchosha. Haitakuchosha."

Alifungua programu ya kuchora majengo. Salle ya Vagheni ikajitokeza, ikageuka polepole kama kuku kwenye moto. Ornella alibonyeza dirisha moja, kikafunguka kisanduku cha mipango ya kioo.

"Hapa ndani, vitre iko na nguo mbili. Hii ya kushoto ni nguo ya kazi: namna inaonekana kwa ecran wakati nachora. Hii ya kuume ni nguo ya misa: namna inaonekana kwa rendu, ile picha ya mwisho yenye inaenda kwa mama. Ukiivalisha ya kazi vizuri na ukasahau ya misa, kwa ecran iko safi, kwa picha inatoka nyeusi. Na madirisha tuliyachukua huku na huku, kwa internet, kila dirisha linakuya na vitre yake na nguo zake. Njo maana hazifanane."

"Kama sufuria."

"Mama Vagheni alikuambia!" Kidogo acheke. "Basi. Alipokasirika, nikamuambia chef, nipe nafasi nitengeneze vitre mbili: moja ya kijani, moja ya bluu, kila moja nguo zake zote mbili zilingane, kiisha nizivalishe madirisha na milango moja moja. Kazi ya mutu mwenye kutulia. Akasema hapana, mama anataka panneau. Tia vitre moja kila mahali. Nikamuambia: chef, nikitia moja, mulango utapoteza kijani. Akasema, weka tu, ya fundi tutaitengeneza nyuma, siku ingine."

"Na ya fundi?"

"Akamutumia ile ile! Bluu yote. Niliona anaituma kwa telefone. Nikasema, chef, na kijani? Akasema, Mathe ni fundi mukubwa, atajua mwenyewe."

Alibonyeza tena. Mlango ukawaka kijani, safi, maua yanaonekana nyuma yake.

"Na hii?" Kahongya akauliza, ingawa jibu alikwisha kulifikia.

"Hii nilifanya Jumapili. Aliniita toka kanisani, nilikuwa katika chorale, naimba, na robe yangu. Akaketi hapo. Akanipa nafasi yote ile niliyomuomba. Vitre mbili, nguo zote, moja moja, akisema vizuri, Ornella, vizuri sana. Sikujua bado mutoto amekufa. Nilijua jioni." Alipiga meza kwa kiganja, mara moja, kikombe kikaruka. "Kazi niliyoomba kufanya mbele, nimeifanya nyuma ya maiti!"

Kahongya alitoa picha, akaiweka chini ya ecran. Alisema polepole, kama anayefunga mzigo.

"Ya kwanza: kijani ilikuwako kwa ecran, lakini kwa picha vitre nyeusi. Ya pili: vitre safi, lakini kijani imepotea. Safi na kijani pamoja..."

"Haikuwako. Mpaka Jumapili."

"Ile ya pili iko wapi?"

"Amefuta. Nilitafuta hata kwa corbeille ya takataka, hata kwa clé USB. Panneau ameichoma kule nyuma, majivu unaweza kuyaona."

"Basi ni neno lako na neno lake."

"Ndiyo. Na yeye ni architecte, na miye ni Ornella."

Chini, gari likapiga honi.

"Utalisema mbele yake?"

Ornella alichukua mkoba wake. "Hata mbele ya shetani. Ila shetani pengine angekuwa na haya kidogo."

Salomon alimwona akipanda nyuma, akauliza kwa kioo cha kutazamia nyuma: "Ornella unaenda wapi?"

"Nimemuomba miye," Kahongya akasema. "Anifafanulie rangi."

Baada ya barrière ya Maboya, kizuizi cha barabarani, Salomon alianza kuzungumza juu ya mafundi wa siku hizi: hawasomi, hawasikilizi, wanajifanya kujua. Kahongya aliitikia "eeh" kila mahali palipohitaji "eeh".

"Ulipopita kutazama kazi, mbele ya ufunguzi," akauliza kana kwamba anapitisha muda, "ule mulango uliugusa?"

"Niliuona. Ulikuwa muzuri."

"Vitre ngumu inakuwaka na alama kwa kona, sivyo? Kidogo hivi."

"Inakuwako."

"Uliiona?"

Salomon alibadilisha gia bila sababu.

"Kulikuwa jua kali," akasema.

Mbele ya bureau ya polisi umati ulikuwa umeongezeka. Lakini walipolitambua gari la architecte walilipisha, na wengine wakapiga makofi, maana habari ilikwisha kuenea kwamba ndiye aliyeleta preuve. Ananie alikuja mbio ubavuni. Alilalia kioo cha mlango kwa kifua chote ili amfikie Salomon, akipiga paa la gari.

"Papa architecte! Mungu akubariki! Usiwaachie!"

Kahongya alikuwa upande ule. Kifua cha Ananie kilikuwa mbele ya pua yake, kimebanwa kwenye kioo cha gari kama karatasi iliyobandikwa. Karibuni Wote. Salle ya Vagheni. Madirisha safi kama maji, ya bluu.

Mlango wa bluu.

Aligeuza shingo, akatazama kijana wa pili, wa tatu, yule mrefu mwenye filimbi. Bluu, bluu, bluu. Asubuhi alipenya kati yao kwa mabega na hakutazama kitu ila mikono, nani ameshika jiwe, nani hakushika.

"Mjinga miye," akasema kwa sauti.

"Pardon?" Salomon akauliza.

"Hapana kitu. Wewe hukufika siku ya ufunguzi, sivyo?"

"Nilikuwa na ubatizo Butembo."

"Ndiyo. Inaonekana."

Ndani, Mama Vagheni alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti kizuri, na Komanda Timothée kwenye kile kibaya. Kahongya aliweka picha mezani na kubaki amesimama.

"Monsieur Salomon, rudia mbele ya komanda. Hii ni picha gani?"

"Ya kwanza. Ile nilimupa Mathe."

"Vitre safi toka siku ya kwanza."

"Toka siku ya kwanza."

"Eeeh!" Mama Vagheni akaruka kitini. "Salomon! Na zile nyeusi? Nyeusi kama sufuria ya bugali! Si nilikutukana mpaka batri ikaisha?"

"Mama anachanganya na chantier ingine..."

"Chantier ingine ya nani? Niko na salle ngapi, wewe?"

"Ornella," Kahongya akasema.

Ornella alisema. Alisema yote kwa maneno machache, nguo ya kazi na nguo ya misa, vitre moja kila mahali, kijani iliyopotea, Jumapili na robe ya chorale. Salomon alimsikiliza akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Alipomaliza, aligeukia komanda.

"Huyu binti nimemukatalia congé ya kupumzika wiki mbili. Mukiona hasira yake, mujue inatoka wapi. Picha ya bluu yote haikuwako. Kama ilikuwako, iko wapi? Munionyeshe."

Timothée alikuna kidevu. Alimtazama Kahongya, na ilionekana kalamu bado inamkaa akilini.

"Berthe, yuko na haki. Iko wapi?"

Kahongya alifungua mlango wa nje. Kelele ziliingia kama maji ya mfereji.

"Ananie! Kuya huku. Wewe peke yako."

Aliingia na jiwe lake. Walinzi wawili walisimama. Kahongya akawatuliza kwa mkono.

"Simama hapa, mwanangu, mbele ya komanda. Nyoosha mugongo. Ile maillot ulipata siku gani?"

"Jumamosi asubuhi. Mama Vagheni alitugawia, miye na Jemima. Juu ya nini unauliza?"

"Miye nilichapisha," Vagheni akasema, na sauti yake, kwa mara ya kwanza siku ile, ikashuka. "Nilitoa kwa picha ya panneau. Nilitaka iwe surprise... Eh, Yesu."

Alikuwa ameona. Timothée naye aliinuka, akazunguka meza, akainama mpaka pua ikakaribia kifua cha kijana. Akachukua picha ya karatasi, akaiweka kando ya ile ya kitambaa. Kulia kijani, kushoto bluu.

Hakuna aliyemtazama Salomon, na labda hilo ndilo lililomvunja.

"Nilitaka kurekebisha nyuma," akasema. "Ni rangi tu. Nilisahau rangi."

"Mpaka Jumamosi ulisahau," Kahongya akasema, na sasa hakuificha tena hasira yake. "Jumapili ulikumbuka! Ulikumbuka vizuri sana. Ulichoma panneau, ukamutosha binti kanisani, ukapaka mulango kijani mutu akiwa hajazikwa, ukatuletea hapa ili hao watoto wa watu wamuue fundi kwa niaba yako. Na ungeenda kilio, si ndiyo? Ungetoa pole."

Ananie alikuwa akitazama kifua chake, kidevu kimeinama, kama mtu anayetafuta doa.

"Sielewi," akasema. "Munielezee kama mutoto."

Ornella ndiye aliyemweleza. Ilichukua maneno machache kuliko ya kwanza.

Jiwe lilipanda. Kahongya alikuwa amekwisha kusimama katikati, mgongo kwa Salomon, uso kwa kijana, karibu mpaka wakapumuliana.

"Asubuhi uliniambia nini?"

"Ondoka, mama."

"Uliniambia nini juu ya jiwe?"

Mkono ulikaa juu. Kisha ukashuka, si kwa amani, ukashuka kwa kishindo, na jiwe likatua mezani juu ya picha ya kijani, karatasi ikapasuka katikati ya mlango. Ananie alivua maillot kupitia kichwa, akaitupa pembeni ya jiwe.

"Chukueni. Ni ile ile ya Jemima, yake walimuzika nayo."

Mathe alitolewa cachot, na Salomon akaingia palepale alipokuwa ameketi, joto la ukuta halijapoa. Timothée aliifunga dossier bila saini na kuita parquet kwenye telefone aseme gari lisubiri. Katika korido Mathe na Ananie walikutana uso kwa uso, mmoja jicho limefumba, mwingine kifua wazi.

"Wewe uliona mulango bluu," Ananie akamwambia, "ukanyamaza."

"Nilinyamaza," Mathe akasema.

"Sikusamehe."

"Sikukuomba."

"Lakini hawatakuua kwa bongo ya mutu mwingine. Fuata nyuma yangu. Usitembee mbali."

Walitoka hivyo. Kahongya alisimama dirishani, mahali ambapo komanda aliogopa kusimama asubuhi. Umati ulipomwona Mathe ulipaza sauti, mikono ikapanda, na Ananie akaupigia kelele kwa sauti ile iliyobaki kooni mwake, akijipiga kifua kitupu kwa kidole:

"Ngojeni! Muangalie maillot zenu! Mulango! Architecte alisema kijani! Muangalie mulango!"

Kelele haikukatika mara moja. Ilikatika pole pole, toka mbele kwenda nyuma, kadiri mmoja baada ya mwingine alivyoinamisha kichwa, akashika pindo la maillot yake kwa mikono miwili, akaivuta mbele ya macho.